Gegedu, Kiunzi na Neno "Imani": Uhakiki wa Habari Iliyohubiriwa Bariadi

Katika mwaka 2012, mwaka ule ule Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na mji wa Bariadi kufanywa makao yake makuu, tulialikwa kuhubiri katika usharika mmoja wa mji huo. Somo la siku lilikuwa maono ya nabii Ezekieli ya bonde la mifupa mikavu. Tukitafuta mfano wa kuyasogeza maono yale karibu na wasikilizaji, tulisimulia habari tuliyokuwa tumeisoma kwa furaha kubwa. Tulieleza kwamba tarehe 9 Juni 2011, huko Stockholm nchini Sweden, kijana wa Kieritrea aliyekuwa akisoma jiolojia nchini Iceland, naye akiwa na saratani katika koo la pumzi, aliondolewa koo hilo na kupandikizwa jingine. Hilo jipya lilifinyangwa kwa plastiki maalum, likapakwa seli shina zilizotolewa katika uboho wa mifupa yake mwenyewe. Tulisema plastiki ile ilikuwa mfano wa mifupa ya bondeni, na seli zile mfano wa nyama na ngozi iliyorudi juu yake. Watu waliitikia amina. Wako waliolia.

Kijana yule alifariki mwezi Januari 2014. Makala ya jarida la The Lancet iliyoutangazia ulimwengu mafanikio yale ilifutwa rasmi mwaka 2018. Daktari aliyempasua, Paolo Macchiarini, alihukumiwa mwezi Juni 2023 na Mahakama ya Rufaa ya Svea kifungo cha miaka miwili na miezi sita kwa kosa la kuwadhuru vibaya wagonjwa watatu, na yule ndugu wa Eritrea ndiye wa kwanza kati yao. Mahubiri yetu ya Bariadi hayajafutwa na mtu yeyote.

Hatukusudii katika makala haya kurudia kazi ya mahakama, wala hatudai ujuzi wa biolojia kuliko ule ambao msomaji yeyote makini aweza kuupata. Kazi yetu ni ya uhakiki. Twataka kuyasoma maandiko yenyewe yaliyoisimulia habari hii, yaani makala za madaktari na filamu za watangazaji, pamoja na mahubiri yetu sisi, tukiuliza kila moja lilisema nini, lilinyamazia nini, na kwa maneno gani. Wanafunzi wetu wamezoezwa kuhakiki maandiko ya kale kwa uangalifu mkubwa, lakini habari ya gazeti huipokea kama mkate uliokwisha kukatwa.

Hatuna budi kuanza na kitu chenyewe. Mtu yeyote aliyekulia Usukumani analijua gegedu hata kama hajapata kulisikia jina lake. Ni ile sehemu nyeupe, laini na yenye kung'aa kwenye ncha ya mfupa wa ng'ombe, ambayo huwashinda wazee wasio na meno na ambayo watoto huigombania. Katika mwili wa mwanadamu gegedu hufunika ncha za mifupa ili isisagane, hulipa sikio na pua umbo, na hulizuia koo la pumzi lisifumbane mtu avutapo hewa. Sehemu yake kubwa ni maji, yaliyoshikwa ndani ya wavu wa protini iitwayo kolajeni na molekuli nyingine zipendazo maji. Seli zake ni chache na zimekaa mbali mbali. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa, damu huja na kuleta vya kutengenezea. Mfupa ukivunjika, huunga. Gegedu la goti likilika, hakuna wa kulijengea. Mama aliyeinama miaka arobaini katika mashamba ya pamba ya Itilima au Maswa, akichota maji bondeni na kubeba kuni, anaijua kweli hii kwa maumivu ya kila asubuhi ainukapo kitandani.

Kwa sababu hiyo, wazo la kuotesha gegedu nje ya mwili na kulirudisha mahali pake ni wazo jema, wala hatuna sababu ya kulidharau. Makala ya kwanza tunayotaka kuisoma ilitoka mwezi Oktoba 1994 katika New England Journal of Medicine. Waandishi wake, Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Göteborg, walitoa kipande kidogo cha gegedu katika goti la mgonjwa, wakazizidisha seli zake kwa majuma mawili au matatu, kisha wakazirudisha ndani ya jeraha chini ya utando uliotolewa juu ya mfupa. Wagonjwa walikuwa 23. Kati ya 16 waliotibiwa kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali njema au njema sana baada ya miaka miwili. Lakini kati ya saba waliotibiwa nyuma ya pia ya goti, ni wawili tu waliofikia kiwango hicho. Watatu walikuwa wa wastani, na wawili hali yao ilikuwa mbaya.

Tunaomba msomaji asizipite haraka hesabu hizi. Makala iliyotaka kusifiwa ingeweza kusema juu ya mapaja na kuyanyamazia magoti, na hakuna ambaye angejua. Waandishi hawa waliandika kushindwa kwao katika aya ile ile walimoandika kushinda kwao, tena kwa tarakimu ambazo mtu aweza kuzihesabu kwa vidole. Nathari yao ni kavu, haina neno moja la kustaajabisha, na hatukumbuki kuwahi kusikia mchungaji akiitumia mimbarini. Hata hivyo, kutokana na kazi hiyo ya unyenyekevu kumezaliwa matibabu yanayotumika hadi leo. Aina moja yake, ambayo seli hupandwa juu ya utando wa kolajeni, iliruhusiwa rasmi nchini Marekani mwezi Desemba 2016. Na hata hiyo ni kwa shimo dogo katika goti la mtu ambaye gegedu lake lingine ni zima. Goti la kikongwe lililolika lote halimo katika ahadi hiyo.

Seli za gegedu lenyewe zina kasoro mbili: ni chache, na zikizidishwa nje ya mwili husahau kazi yake. Ndipo watafiti walipozigeukia seli za uboho. Mwaka 1999 kundi la Mark Pittenger huko Baltimore lilionyesha kwamba seli fulani za uboho wa mtu mzima zaweza kuelekezwa kuwa za mfupa, za mafuta au za gegedu. Kinachohitajika ni kuzipa protini za kuziamuru, na kiunzi cha kushikia, yaani umbo lenye vitundu kama sifongo, la kolajeni au la plastiki inayoyeyuka polepole, ili seli zikae humo, zijenge, na kiunzi kitoweke kama vile jukwaa la waashi linavyoondolewa nyumba ikisimama. Shida kubwa ambayo haijaisha ni kwamba seli hizo zikiachwa huelekea kuendelea na safari, zikawa ngumu kuelekea mfupa, au zikajenga gegedu la makovu lisilostahimili uzito. Kuifanya seli ianze ni rahisi kuliko kuifanya ikome mahali panapotakiwa.

Hapa kuna jambo la jina ambalo wahakiki hatuwezi kuliacha. Aliyezieneza seli hizi kwa jina la seli shina, mapema katika miaka ya 1990, ni Arnold Caplan wa Cleveland. Mwaka 2017 Caplan huyo huyo aliandika kwamba jina lile libadilishwe, kwa kuwa linawafanya wagonjwa waamini kwamba seli hizi zikiingizwa mwilini zitageuka kuwa kiungo kipya, na wafanya biashara wanalitumia kuuza matumaini hayo. Si kila siku mwandishi husimama hadharani kuomba neno alilolieneza mwenyewe liondolewe. Neno lilikuwa limekwisha kukimbia mbele yake. Katika Kiswahili tumelipokea kwa tafsiri yenye nguvu kuliko asili yake, kwani "shina" kwetu ni mahali mti unapochipukia hata ukikatwa, na mkulima asikiapo shina husikia tayari ahadi ya chipukizi.

Kabla ya Stockholm kulikuwa na picha moja iliyozunguka dunia yote tangu mwaka 1995, ya panya asiye na manyoya aliyebeba sikio la mtu mgongoni. Wako walimu wa dini walioitumia kuonya juu ya wanadamu wanaochanganya mbegu za viumbe. Twasikitika kusema kwamba onyo lile lilisimama juu ya kutosoma. Kazi ya ndugu wawili Vacanti na wenzao, iliyochapishwa mwaka 1997, haikugusa urithi wa panya hata kidogo. Sikio lile halikuwa la mtu bali kiunzi cha plastiki chenye umbo la sikio, kilichopandwa seli za gegedu la ng'ombe, na panya alikuwa shamba tu la kulilea. Ng'ombe! Msukuma yeyote angeielewa habari ile vizuri kuliko wahubiri wake, laiti angeambiwa.

Basi tuje kwenye makala za The Lancet. Ya kwanza, ya mwaka 2008, ilimhusu mwanamke aliyezaliwa Kolombia na kuishi Barcelona, ambaye njia yake ya hewa iliharibiwa na kifua kikuu. Koo la marehemu lilisafishwa kwa majuma kadhaa hata seli zote za mwenyewe zikatoka na kubaki kiunzi cha gegedu, kisha likapandwa seli za mgonjwa, zikiwamo za gegedu zilizolelewa kutokana na uboho wake. Hicho ndicho kisa ambacho kilionekana kutimiza ndoto yote kwa ukamilifu: seli shina, kiunzi, gegedu. Mwaka 2016 pafu la kushoto la mwanamke huyo liliondolewa, na makala ilifutwa mwaka 2023, miaka 15 baada ya kutoka.

Ya pili, ya mwezi Novemba 2011, ndiyo iliyotufikia Bariadi. Ukiisoma leo, unashangazwa na utulivu wake. Yasema hapakuwa na matatizo makubwa, kwamba mgonjwa baada ya miezi mitano hana dalili wala saratani, na kwamba ndani ya koo bandia umeota utando wenye mishipa ya damu. Kila sentensi iko katika kauli ya kutendwa; limefanywa hili, limeonekana lile. Aliyeona hatajwi, wala siku aliyoona. Sisi tuliofundishwa kumwuliza kila mwinjili habari zake alizipata wapi, tuliisoma makala hii mara mbili pasipo kuuliza. Halafu kuna seli zenyewe. Zilikuwa seli mchanganyiko za uboho, zilizomwagwa juu ya plastiki na kuzungushwa katika mtambo kwa muda usiozidi siku mbili. Plastiki ile haikuwa ya kuyeyuka, wala haikuwa na njia ya kuletewa damu. Gegedu lingetoka wapi? Mpasuaji wa Ubelgiji, Pierre Delaere wa Leuven, aliuliza swali hilo mapema sana, naye hakusikilizwa. Plastiki hizo zilikuwa hazijajaribiwa kwa wanyama kabla ya kuwekwa kwa watu.

Ilikuwa hivi ilivyogundulika. Madaktari wanne wa hospitali ile ile, Karl-Henrik Grinnemo, Matthias Corbascio, Thomas Fux na Oscar Simonson, walichukua makala zilizochapishwa wakazilinganisha na mafaili ya wagonjwa, mstari kwa mstari, na mwaka 2014 wakawasilisha mashtaka. Twaomba wanafunzi walitambue tendo hili kwa jina lake, maana ndilo tunalowafundisha darasani: kulinganisha nakala na chanzo. Mchunguzi wa nje, Bengt Gerdin, mwezi Mei 2015 alithibitisha udanganyifu. Miezi mitatu baadaye mkuu wa Taasisi ya Karolinska, Anders Hamsten, alimtangaza daktari kuwa hana hatia, na The Lancet nayo ikaandika tahariri ya kumsafisha. Hamsten alijiuzulu mwezi Februari 2016. Na ili hadithi isiwe ya malaika na mashetani, hatuna budi kuongeza kwamba baadhi ya wale wanne walikuwa wameweka majina yao kwenye makala zile zile, na uamuzi wa mwaka 2018 haukuwaacha bila lawama. Walisaini kwanza, wakasoma baadaye. Ni nani kati yetu ambaye hajafanya hivyo?

Filamu mbili zilitengenezwa juu ya jambo hili. Ya kwanza ilionyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani mwezi Juni 2014 kwa jina "A Leap of Faith", ambalo kwa lugha yetu ni kuruka kwa imani. Mtayarishaji wake, kama ilivyokuja kujulikana mwaka 2016, alikuwa amechumbiwa na daktari mwenyewe wakati wa kazi hiyo, akiahidiwa kwamba Papa Fransisko ndiye angewafungisha ndoa. Jambo hilo latosha kuiondoa filamu katika orodha ya ushahidi, lakini sisi latuhusu zaidi jina lake. Msemo huo wanafunzi wetu huunasibisha na Søren Kierkegaard, ingawa hakuutumia kwa umbo hilo. Hata hivyo aliuzungumzia mruko, na kwake yeye arukaye ni mtu binafsi, mbele ya Mungu, akijihatarisha mwenyewe wala si mwenziwe. Katika filamu hii daktari ndiye asifiwaye kwa kuruka, hali walioanguka ni wengine, akiwamo mtoto aliyezaliwa bila koo la pumzi, aliyepasuliwa mwezi Aprili 2013 na kufa mwezi Julai kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kuita hiyo imani ni kuliiba neno. Twasema hivyo kwa ukali kwa sababu neno hilo liko chini ya uangalizi wetu, na lilipoibwa hatukupiga yowe. Tulilishangilia.

Filamu ya pili ni "Experimenten", ya Bosse Lindquist, iliyoonyeshwa na televisheni ya taifa ya Sweden kwa sehemu tatu mwezi Januari 2016. Ni kazi bora, nayo ndiyo iliyouamsha umma. Nguvu yake ni kukawia. Inaiacha kamera ndani ya chumba cha uchunguzi hata mtazamaji aone koo lile la plastiki lilivyo kwa kweli, halafu yanarudi maneno ya makala juu ya picha hiyo. Hakuna msimulizi anayehitajika kupaza sauti. Pamoja na sifa hizo tuna neno la kuilaumu. Ndugu yetu wa Eritrea, baba wa watoto wadogo, aliyeondoka nyumbani kwenda kujifunza namna ya kutumia joto la ardhini, anaonekana katika filamu hasa kama mgonjwa. Katikati ya jukwaa amesimama daktari, kwanza kama shujaa na kisha kama mkosaji, lakini siku zote katikati. Sisi huku tulitenda vibaya zaidi. Katika mahubiri yetu hakuwa hata na uoga. Alikuwa mfano.

Yafaa kukumbuka kwamba mwezi Machi wa mwaka huo huo 2011, magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, aliyefariki mwezi Julai 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kutoka Kanda ya Ziwa walikwenda wengi, wengine wakiwa wamebebwa. Tulipokuwa tukihubiri juu ya Stockholm, nia yetu mojawapo, tukiri wazi, ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba liko tumaini la namna nyingine, lililopimwa, tofauti na la kikombe. Kumbe matumaini yote mawili yalisimama juu ya nguzo moja, nayo ni ushuhuda wa mtu aliyepona jana. Miezi mitano baada ya upasuaji, au majuma matatu baada ya kikombe, kila mtu hujisikia nafuu na kusema hivyo.

Tofauti haikuwamo katika hekima ya wale wala katika ujinga wa hawa. Huko Stockholm palikuwa na faili. Lilifichwa, likapuuzwa, lakini lilikuwapo, na siku moja watu wanne walilifungua. Katika sharika tulizozijua sisi, hakuna aliyefungua daftari kuandika ni nani alikwenda Samunge, akiwa na ugonjwa gani, na baada ya mwaka hali yake ilikuwaje. Tunayo daftari ya ubatizo na ya ndoa, na ya sadaka hata shilingi ya mwisho. Ya waliotangazwa kuponywa hatuna.

Tulirudi Bariadi mwaka 2024, baada ya mavuno ya pamba, kwa semina ya wainjilisti. Jioni ya pili mama mmoja mzee wa usharika ule, ambaye hatutamtaja, alituletea kibegi. Alitembea kwa fimbo, akishuka ngazi za kanisa kwa kurudi nyuma kama wafanyavyo wenye magoti yaliyolika. Ndani ya kibegi kulikuwa na pakiti za unga. Zilikuwa na picha ya goti lenye kung'aa kama jua, na maneno ya Kiswahili yaliyosema kwamba unga huo una seli shina na hujenga upya gegedu. Aliuziwa na kijana wa mtandao wa biashara, aliyekuja na karatasi za rangi. Kwa pakiti za miezi mitatu aliuza ndama.

"Baba Mchungaji," alisema, "hii ndiyo ile dawa uliyotuhubiria?"

Tulikuwa tumesahau kwamba alikuwapo. Yeye hakuwa amesahau. Kijana alipotamka seli shina, mama alilitambua neno, kwa kuwa alikuwa amelisikia kanisani, siku ya mifupa mikavu, na kwa sababu hiyo hakumwuliza kijana maswali ambayo angemwuliza mtu yeyote anayeuza mbegu ya pamba. Sisi tulikuwa tumekwisha kuyajibu kwa niaba yake.

Tulikaa naye barazani hata giza likaingia. Tulimweleza kwamba unga upitao tumboni humeng'enywa kama ugali, wala hauna njia ya kubeba seli hai hadi gotini. Tulimweleza kwamba seli shina za kweli zipo, na kwamba hapa hapa Tanzania, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2023 watoto wenye selimundu wamepandikizwa uboho wa ndugu zao. Lakini hiyo ni kazi ya wodi na wataalamu na miezi ya uangalizi. Kwa goti kama lake, msaada uliopo ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza mizigo, dawa za maumivu kwa kipimo cha daktari, na kwa baadhi ya watu upasuaji wa kubadili goti, kama ufanywavyo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Tulimsihi aanzie hospitali ya mkoa pale Nyaumata. Alisikiliza yote. Kisha akauliza juu ya yule kijana wa Eritrea, kama aliishi.

Tulimwambia kwamba alikufa, mwaka wa tatu baada ya upasuaji.

"Na wewe ulijua lini?"

Tulijua mwaka 2016, filamu ilipotoka. Tulikuwa tumeifundisha hata darasani, katika somo la maadili, kwa wanafunzi ambao baadhi yao sasa ni wachungaji katika mkoa huo. Katika miaka minane hatukuwa tumeandika hata barua moja kwenda Bariadi. The Lancet, ambayo tumeilaumu katika kurasa hizi, ilichukua karibu miaka saba kuifuta makala yake ya 2011.

Tukiwa bado hapo, tuliyasoma tena maono ya Ezekieli kwa mwanga wa taa, na tuliona jambo ambalo mwaka 2012 tulilipita. Nabii anaulizwa kama mifupa ile yaweza kuishi. Hajibu ndiyo, wala hajibu la. Anamrudishia swali Yeye aliyemwuliza, maana hajui. Sisi katika mahubiri yetu tulikuwa tumejibu ndiyo, tena tukaonyesha picha kutoka gazetini.

Jumapili iliyofuata mchungaji wa usharika alituruhusu kusimama wakati wa matangazo, kati ya tangazo la mnada wa mazao na la mazoezi ya kwaya. Tulisema kwa dakika tano kwamba habari tuliyoisimulia mwaka 2012 haikuwa kweli, tukaeleza ilivyokuwa, na tukasema aliyekufa alikuwa na watoto. Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja wa kanisa aliomba jambo hilo liandikwe, na katibu akauliza liandikwe katika daftari ipi. Baada ya kushauriana waliliandika nyuma ya daftari ya ubatizo, pamoja na tarehe. Mama mwenye fimbo alikuwa amekaa benchi la mbele. Kibegi chake kilikuwa miguuni, na alipotoka alikiacha pale chini.